Futa "Mali Ikishauzwa Hairudishwi" Kwenye Ukurasa Wako: Mimi Nilijifunza kwa Hasara

Leo sina picha za mzigo mpya. Nina stori ya pea moja ya viatu vya shilingi 45,000 na jinsi ilivyonipotezea oda ya pea 11. Naomba uisome mpaka mwisho, maana najua wengi wetu tunayo ile sentensi: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Mimi nilikuwa nayo juu kabisa ya ukurasa wangu, kwa herufi kubwa. Sikumuuliza mtu. Niliiona kwenye risiti za maduka, nikaiona kwa wauzaji wakubwa wa mtandaoni, nikanakili. Nilidhani ndiyo sheria yenyewe.

PEA YA MBEYA

Mimi nauza viatu vya kike na mikoba, nipo Dar, mzigo natoa Kariakoo. Wateja wangu wengi wako mikoani. Wanaona picha, wanalipa kwa simu, mzigo unapanda basi.

Siku moja dada mmoja wa Mbeya akachukua viatu vya kisigino kifupi, saizi 39. Baada ya wiki moja akanitumia video. Amevaa mara mbili tu, kanisani na kwenye kikao, soli ya mguu wa kulia imebanduka kuanzia mbele mpaka katikati. Akaandika kwa ustaarabu kabisa: "Dada naomba unisaidie, hata kama ni kunibadilishia."

Tatizo ni kwamba ile 45,000 yake sikuwa nayo. Nilishaichanganya kwenye mzigo mwingine siku ile ile iliyoingia. Nikaona nikianza kurudisha hela nitafunga biashara. Nikamjibu: "Mpendwa, samahani, naomba usome juu ya ukurasa wetu. Mali ikishauzwa hairudishwi." Akasoma, akanyamaza. Nikajua yameisha.

Baada ya siku chache nikapigiwa simu na mama mmoja wa huko huko Mbeya. Alikuwa ameniagiza viatu vya sare vya sendoff, pea 11, kila moja 38,000. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ile oda tumeahirisha." Nikamuuliza kuna nini. Akasema wako kwenye kikoba kimoja na yule dada, na picha ya majibu yangu imeshazunguka kwenye kundi lao lote la WhatsApp.

Piga hesabu na mimi. Kila pea nilikuwa napata faida kama 9,000. Mara 11 ni 99,000. Nilikataa kurudisha 45,000, nikapoteza 99,000, na sijahesabu wateja wengine wa lile kundi ambao hawatanipigia tena.

NILIPOJIKUTA UPANDE WA PILI

Ile katoni ilikuwa na pea 12, nilikuwa nimebakiwa na 5. Nikazikunja soli kwa mkono, moja moja. Pea 3 gundi ikaachia pale pale. Hapo ndipo nilipojua kuwa yule dada hakuwa ameviharibu. Vilikuja vibovu.

Nikazibeba zile 3 mpaka kwenye duka la jumla nilikonunua. Kijana wa dukani hakunitukana. Alinyoosha kidole tu ukutani. Pana karatasi imebandikwa, maandishi makubwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Nikamwambia, "Lakini kaka, hizi sijazivaa, zimekuja hivi ndani ya katoni."

Akanijibu, "Dada, umesoma pale?"

Jamani, nilisimama pale nasoma maneno yangu mwenyewe kwenye ukuta wa mtu mwingine. Hela yangu 90,000 iko ndani ya zile pea 3, na mtu ananijibu kama nilivyomjibu yule dada wa Mbeya.

Jirani na lile duka kuna mama anauza vitambaa miaka mingi. Akaniona nimenuna, akaniita. Akasema, "Mwanangu, ile karatasi inamtisha anayerudisha kwa kubadili mawazo. Kwa mali mbovu haimlindi mtu. Rudi kesho na risiti yako, usigombane na kijana, muulizie mwenye duka."

Nikafanya hivyo. Mwenye duka akakunja soli kwa mkono wake, akaziona, akanibadilishia pea zote 3. Haikuchukua hata dakika kumi. Lakini niliondoka na swali: kumbe mimi nimekuwa nikiandika kitu ambacho hakina nguvu?

SHERIA INASEMAJE

Mimi nimeishia kidato cha nne na si mwanasheria. Sheria hizi nilizisoma kwa Kiingereza kizito, kifungu kimoja kwa jioni moja nikiwa na kamusi. Nakupa kwa lugha yetu ya sokoni kile kinachotuhusu sisi wa Tanzania Bara.

Ya kwanza ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ni sheria ya zamani lakini inafanya kazi mpaka leo. Inasema mambo manne makubwa:

1. Ukiuza kitu kwa maelezo, kitu lazima kifanane na maelezo. Ukiuza kwa sampuli, mzigo lazima ufanane na sampuli.

2. Kama unauza bidhaa za aina hiyo kama kazi yako, ziwe na ubora wa kuuzika. Kiatu kinachobanduka kwa kuvaliwa mara mbili hakina ubora huo.

3. Mteja akikwambia anataka kitu kwa kazi gani, akategemea ujuzi wako, kitu kiifae hiyo kazi. Amesema anataka buti za shambani, usimpe za kutembelea mjini.

4. Mteja apewe nafasi ya kukagua mzigo kabla hajahesabiwa kuwa ameukubali. Akikaa nao muda mrefu kupita kiasi bila kusema chochote, hapo anahesabiwa ameukubali.

Sasa angalia hii. Sheria hiyo hiyo inasema mteja akikagua bidhaa kabla ya kununua, hawezi kulalamikia kasoro ya ubora ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Mwenye fremu Kariakoo anaweza kujitetea hapo: "Ulishika, ulijaribu, uliona." Sisi wa mtandaoni hatuna huo utetezi. Mteja wetu hajashika kitu. Ameona picha zetu na maneno yetu tu. Kwa hiyo sisi kila siku tunauza kwa maelezo. Ukiandika "ngozi halisi" na kumbe ni rekzini, umejifunga kwa mkono wako.

Ya pili ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC, hao hao wanaokamata bidhaa bandia. Inakataza muuzaji kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, na pia kumdanganya kuhusu haki alizonazo. Soma tena hapo. Ukimwambia mteja mwenye mali mbovu kwamba hana haki ya kurudisha, na kumbe anayo, umemdanganya kuhusu haki yake. Ile sentensi kwa mali mbovu haikulindi, tena yenyewe inaweza kuwa ndiyo kosa.

Ya tatu ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Hii inakubali mikataba ya kwenye mtandao na inakubali ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi. Maana yake yale mazungumzo yako ya WhatsApp na mteja ni kama risiti inayoongea. Ulichoahidi pale kinaweza kusomwa mbele ya hakimu.

Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao na tume yao, waulize huko. Na nyie wa Kenya, haki ya mlaji kupata bidhaa yenye ubora unaostahili iko mpaka kwenye Katiba yenu ya 2010, ibara ya 46, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012.

TENGANISHA MAFUNGU MATATU

Kosa langu kubwa lilikuwa kuweka marejesho yote kwenye kapu moja. Siku hizi mteja akilalamika, kwanza najiuliza: hili ni fungu gani?

Fungu la kwanza: kosa ni langu. Kitu kibovu, saizi niliyotuma siyo aliyoagiza, rangi siyo ile, au maelezo yangu hayakuwa kweli. Hapa hakuna cha kujadili. Mteja anachagua: abadilishiwe au arudishiwe hela yake yote. Nauli ya kurudisha mzigo nalipa mimi. Hata ile sheria ya mauzo inasema mteja aliyekataa mzigo kwa haki halazimiki kuusafirisha kurudi kwako; inatosha akujulishe kuwa ameukataa. Kwa hiyo usimwambie "rudisha kwa gharama zako kwanza."

Fungu la pili: mzigo umeharibika au umepotea njiani. Hapa ndipo watu wengi wanagombana. Sheria ya mauzo inasema kwa kawaida ukishamkabidhi msafirishaji ni kama umemkabidhi mnunuzi, lakini inakutaka uwe umefanya mpango mzuri na huyo msafirishaji. Ukimpa kondakta mfuko mkononi bila risiti, usitegemee hicho kifungu kikuokoe. Mimi natuma kwa ofisi ya vifurushi ya basi tu, nachukua risiti, naandika thamani ya mzigo, naipiga picha na kumtumia mteja pale pale. Na tunakubaliana kabla hajalipa: ukipotea, nani anafuatilia. Kwangu mimi, nafuatilia mwenyewe.

Fungu la tatu: mteja amebadili mawazo. Viatu ni vizima, saizi ni ileile, ila kwenye mguu hajavipenda. Hapa ndipo utaratibu wako unapofanya kazi. Mimi natoa siku 7 tangu apokee, viwe havijavaliwa nje, boksi lipo, nauli ya kurudisha analipa yeye. Niliogopa sana kuweka hii. Nilidhani kila mtu atarudisha. Ukweli ni kwamba watu wengi hawana muda wa kwenda stendi na boksi. Wanaorudisha ni wachache, na wanaonunua kwa sababu wameona wanaweza kurudisha ni wengi kuliko hao.

ANDIKA KABLA HELA HAIJAINGIA

Utaratibu anaoujua muuzaji peke yake hausaidii kitu. Mteja auone kabla ya kulipa. Haya ndiyo maneno yangu, unaweza kuyachukua na kuyabadili kulingana na bidhaa zako:

"Karibu mpendwa. Ukipokea mzigo, tafadhali ufungue siku hiyo hiyo ukiwa unarekodi video. Ukikuta kasoro au siyo ulichoagiza, nijulishe ndani ya siku 3, nitakubadilishia au nitakurudishia hela yote, na nauli ni juu yangu. Kasoro iliyojificha ikitokea baadaye, nitumie picha tuiangalie. Kama ni kizima ila hujakipenda, una siku 7, kisiwe kimevaliwa, nauli ni juu yako. Hela inarudi kwenye namba ile ile iliyolipa, ndani ya siku 2 tangu nipokee mzigo."

Naituma pamoja na lipa namba. Mteja akijibu "sawa", hiyo "sawa" ni sahihi yake. Usiifute.

Angalia hapo kwenye "kasoro iliyojificha". Soli ya yule dada isingeonekana ndani ya siku 3. Ndiyo maana sikufunga mlango. Siku 3 ni za kumhimiza mteja akague mapema. Usizitumie kumnyang'anya haki yake.

MAMBO YANAYOKUOKOA

Piga video wakati wa kufunga mzigo. Onyesha saizi chini ya soli, kunja kiatu, onyesha jina la mteja juu ya boksi. Ni sekunde 30. Imeshaniokoa zaidi ya mara moja.

Andika vipimo, usiandike saizi tu. Saizi 39 ya kiwanda kimoja siyo 39 ya kingine. Mimi napima urefu wa ndani kwa sentimita, namwambia mteja apime mguu wake kwa rula. Marejesho ya saizi yamepungua sana tangu nianze.

Kagua mzigo Kariakoo kabla hujalipa. Kila kasoro unayoipita pale unakuja kuilipia wewe. Omba risiti, na muulize mwenye duka mbele ya risiti hiyo: "Ikitoka mbovu nabadilisha ndani ya siku ngapi?" Akisema hakuna kubadilisha, nenda duka la pili. Wewe ni mnunuzi pale, na ile sheria ya mauzo inakulinda wewe pia.

Weka mfuko wa marejesho. Hili ndilo lililoniponza mimi. Sikukataa kurudisha hela kwa sababu nina roho mbaya. Nilikataa kwa sababu hela haikuwepo. Sasa kila pea nikiuza natoa 1,000 naiweka kwenye laini nyingine ambayo sinunulii kitu. Nikiuza pea 60 kwa mwezi, nina 60,000 ya kusimamia jina langu. Mwezi ambao hakuna aliyerudisha, inabaki, inaongezeka.

WATEJA WAJANJA WAPO

Sitaki nikudanganye kwamba kila anayelalamika ni malaika. Kuna dada alirudisha viatu siku ya 6, akasema hajavivaa kabisa. Nikageuza soli, vumbi jekundu limejaa kwenye mifereji, na kisigino kimoja kimeanza kulika. Zamani ningemtukana. Nilimpigia picha soli, nikaiweka pembeni ya picha ya siku naifunga, nikaandika: "Mpendwa, naona hivi vimetembea kidogo, kwa hiyo vinatoka kwenye siku 7 za kubadili mawazo. Ningependa kukurudishia, uniambie tu nikutumie kwa basi gani." Akacheka, akakubali. Bado ananunua kwangu.

Na kwenye hela kuwa makini:

Usirudishe hela kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa muamala. Angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe unatengenezwa.

Rudisha kwenye namba iliyolipa tu. Mtu akisema "nitumie kwa namba ya mdogo wangu", muombe kwanza akupigie kwa namba iliyolipa.

Mtu akisema "nimezidisha kwa bahati mbaya, nirudishie", usifanye haraka. Hakikisha hela imeingia kweli, au mwelekeze awasiliane na mtandao wake wa simu.

Kosa likiwa lako, tuma na ya kutolea. Usimrudishie mtu 45,000 ikamfikia mkononi pungufu.

Na usijibu ukiwa na hasira. Majibu yako yote yaandike kama unajua yatasomwa kwenye kundi la kikoba, kwa sababu kuna siku yatasomwa.

YULE DADA WA MBEYA

Wiki tano baadaye nilimtumia 45,000 pamoja na ya kutolea. Nikaandika: "Dada, viatu vilikuja vibovu kutoka kwenye katoni na mimi sikukusikiliza. Hela yako hii hapa, na viatu usirudishe." Nilikaa na simu nikisubiri jibu. Likaja jioni: "Nimepokea." Basi.

Hajanunua tena mpaka leo. Ile oda ya sendoff nayo haikurudi, walishachukua kwa mtu mwingine. Kwa hiyo sikuambii kwamba ukirudisha hela ukiwa umechelewa kila kitu kinakuwa sawa. Haikuwa sawa. Ile 45,000 ningeirudisha siku ya kwanza ingenigharimu 45,000 tu.

Nilichofanya usiku ule ni kufuta ile sentensi na kuandika mpya: "Mali mbovu inarudi. Tuandikie." Kama yako bado ipo pale juu, ifute leo kabla hujalala, halafu kaa chini uandike utaratibu wako kwa maneno yako. Niwekee hapo chini unauza nini na unatoa siku ngapi, tusaidiane kurekebisha. Na kama una rafiki anayeuza mtandaoni, mtumie hii. Kazi njema, na mauzo mema.